Yashica-Mat 124G: kutoka kamera tupu hadi negativu ya kwanza

Kamera ya mkanda wa 120 haina nafasi ya kubahatisha. Mkanda mmoja unatoa picha 12 za mraba, basi, na tangu unapofungua mgongo wa kamera mpaka unapotundika mkanda ukauke, hakuna hatua inayofanywa kwa niaba yako. Wengi wanaoitupa kabatini wameishia kwenye mkanda wa kwanza: umetoka mtupu, au mweusi tii, au picha zimepandana. Mara nyingi jicho la mpiga picha halina kosa. Tatizo lilikuwamo kwenye kamera au kwenye maji ya kusafishia, na lingeonekana mapema kama kamera ingekaguliwa ikiwa tupu. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa sana kwenye mambo ya kabla ya kupiga picha. Mkanda ni ghali na haurudi nyuma.

Ninaitumia Yashica-Mat 124G kama mfano kwa kuwa bado inapatikana kirahisi, na mengi ya hapa yanafaa pia kwa Rolleiflex, Seagull na ndugu zao wengine wenye lenzi mbili. Umbo hilo lilipata umaarufu kupitia Rolleiflex ya kampuni ya Franke & Heidecke ya Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1929. Yashica ya Japani iliendelea kuuza 124G hadi katikati ya miaka ya 1980. Lenzi ya juu, milimita 80 f/2.8, ni ya kutazamia tu. Ya chini, Yashinon ya milimita 80 f/3.5 yenye vioo vinne, ndiyo inayopiga. Shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ni Copal, imekaa ndani ya lenzi yenyewe, na kasi zake zinaanzia sekunde 1 hadi 1/500, pamoja na B, ambapo shata hukaa wazi muda wote unaobofya. Namba 12 na 24 katika jina ni idadi ya picha kwa mkanda wa 120 na wa 220. G inatokana na dhahabu iliyopakwa kwenye viunganishi vya umeme vya mita ya mwanga.

Hiyo G inapandisha bei kuliko inavyostahili. Yashica-Mat za zamani zaidi, LM na EM, hata 124 isiyo na G, hazipishani nayo sana kwa picha. Yashica D, inayozungushwa kwa kitasa badala ya mpini, ina vipuri vichache vya kuharibika na huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Ukiwa na 124G yenye lenzi ya ukungu mkononi mwa kushoto na Mat ya kawaida yenye lenzi safi mkononi mwa kulia, chukua ya kulia bila kufikiri mara mbili. Mita unaweza kuipata kwenye simu. Lenzi safi huipati kwenye simu.

Kabla ya kulipa, omba kamera uishike na uwe na tochi. Fungua mgongo: komeo liko chini, limezunguka tundu la stendi. Weka shata kwenye B, fungua tundu la lenzi hadi f/3.5, upana wake wa mwisho, koki (kaza springi ya shata kwa mpini), bofya na ushikilie, kisha mulika tochi kutoka nyuma ukitazama kutoka mbele kwa pembe. Vumbi kidogo si hoja. Unachotafuta ni nyuzinyuzi zinazotambaa kama mizizi kutoka ukingoni. Hiyo ni kuvu, na kwetu Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kamera iliyokaa miaka ndani ya mkoba wa ngozi karibu haiikosi. Kuvu changa iliyo juu ya kioo hufutika fundi akifungua lenzi. Iliyokaa muda mrefu inakuwa imekula mpako wa kioo, na hata ikisafishwa alama inabaki. Utando mweupe kama pumzi kwenye kioo ni jambo lingine: unapunguza kontrasti katika picha yote, na ukielekea jua picha inakuwa kama imepigwa katikati ya moshi. Lenzi ya juu ikiwa na kuvu unaweza kuvumilia kwa muda, maana haigusi picha. Ila kuvu husambaa, hivyo isafishwe nayo.

Sasa shata. Mgongo ukiwa umefungwa, zungusha mpini mbele mpaka ukome, urudishe nyuma mpaka ukome, kisha piga katika kila kasi kuanzia ya polepole. Kwenye sekunde 1 utasikia mlio wa saa unaokwenda sawasawa, bila kusita wala kukwama mwishoni. Kasi za polepole ndizo hufa kwanza kwa sababu grisi ya zamani inaganda kwenye magurudumu madogo ya kuchelewesha. Kamera yenye sekunde 1 inayokwama lakini 1/60 na kuendelea zipo sawa bado inatumika vizuri juani, mradi bei iakisi hilo. Usikubali mtu akuambie ipulizie mafuta kidogo. Mafuta yakifika kwenye majani ya shata yananata, na hapo fundi atalazimika kuivua yote.

Kuna kipimo kizuri kisichohitaji fundi. Simu nyingi za sasa zinarekodi video ya mwendo wa taratibu kwa picha 240 kwa sekunde. Koki shata, fungua mgongo, ielekeze kamera kwenye dirisha lenye mwanga, rekodi kutoka nyuma huku ukibofya, kisha hesabu ni picha ngapi za video zinaonyesha shata ikiwa wazi. Kwenye 1/15 uone 16, kwenye 1/30 uone 8, kwenye 1/60 uone 4. Ukihesabu 20 badala ya 16, achana nayo, negativu haitajua tofauti. Ukihesabu 32, shata inaingiza mwanga mara mbili ya inavyodai. Andika hilo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike chini ya kamera, maana ukishaujua ulegevu wa kila kasi unaweza kuufidia. Zaidi ya 1/60 simu haiaminiki kwa hesabu hii.

Kuna tahadhari tatu za shata kama hizi. Kasi ya 1/500 inavuta springi ya ziada, kwa hiyo iweke kabla ya kukoki. Ukihisi kuzunguka kumekuwa kugumu, usilazimishe. Na kile kijiti cha kujipiga mwenyewe kwa kuchelewesha kiache kama kilivyo. Katika kamera yenye umri wa miaka 40 na zaidi, kikikwama katikati shata nzima inasimama. Swichi ya M na X, inayooanisha shata na flashi, ikae kwenye X siku zote, labda uwe na balbu za zamani za flashi zinazoungua mara moja.

Kipimo cha mwisho ndicho wanunuzi wengi hukiruka, nacho ndicho kinachoeleza kwa nini picha zote za kamera fulani zimelegea. Lenzi ya juu na ya chini zimefungwa kwenye bamba moja linalosogea mbele na nyuma. Zikiwa hazilingani, unachokiona kikali juu si kikali kwenye mkanda. Chukua karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile ya kunakilia michoro, ikaze juu ya reli za ndani ambako mkanda hulala, na uibandike kwa selotepu pande zote. Kamera iwe kwenye stendi, shata kwenye B, tundu f/3.5. Lenga gazeti lililobandikwa ukutani mita 1 hivi kutoka kwenye lenzi mpaka herufi ziwe kali kwenye kioo cha juu, kisha angalia kwenye karatasi ya nyuma kwa kioo cha kukuzia. Herufi ziwe kali na hapo pia. Kama si kali, na ukizungusha kitasa cha fokasi kidogo zinakuwa kali, basi kamera imewahi kufunguliwa na haikupangwa vizuri. Fundi anaweza kuirekebisha, lakini ujue kabla ya kulipa.

Ukishaifikisha nyumbani, kagua sponji za mgongo. Zile za zamani zinageuka kuwa kitu cheusi kinachonata, na mwanga unapita. Kwangua kwa kijiti cha mbao, futa kwa pamba yenye spiriti, kisha bandika sponji mpya nyeusi yenye gundi, nene milimita 1.5 hadi 2. Kioo cha kuakisi kilicho ndani, chini ya kioo cha kutazamia, usikisugue hata kama kina vumbi. Fedha yake iko juu ya uso, haiko nyuma kama ya kioo cha chumbani, na shati la pamba linaitoa. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira, uishie hapo.

Kuhusu betri kuna mkanganyiko mwingi. Mita ya 124G ilitengenezewa betri ya zebaki ya PX625 yenye volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu ya sumu. Dukani utapewa ya alkali yenye umbo lilelile, volti 1.5, na itaingia vizuri kabisa. Mita itasoma, lakini itasoma uongo, na uongo wenyewe utabadilika kadiri betri inavyochoka. Suluhisho la bei nafuu ni betri za vifaa vya kusikia namba 675, zinazotumia zinki na hewa, volti 1.4. Ni nyembamba kidogo, hivyo zizungushie kipete cha mpira zisicheze. Ukishabandua kile kistika zinaanza kuisha hata usipozitumia, na hudumu wiki kadhaa hadi miezi michache. Kabla ya kuweka betri yoyote tazama ndani ya chumba chake: ukijani ule wa kutu usugue kwa siki kidogo kwenye pamba, ukaushe. Mita yenyewe huwaka unapofungua kifuniko cha juu na kuzima ukikifunga, kwa hiyo kifunge kila unapopumzika.

Linganisha mita na programu ya simu kwenye ukuta mmoja, kisha kivulini, kisha ndani ya nyumba. Ikikosea kwa kiasi kilekile kila mahali, ifidie kwa kubadili namba ya ASA, ile inayoonyesha mkanda una wepesi gani wa kuhisi mwanga. Ikikosea ovyo, isahau. Jua la saa sita mchana halihitaji mita hata hivyo: tundu f/16, na kasi ya shata iwe 1 gawanya kwa namba ya ASA ya mkanda. Mkanda wa 400 unapata f/16 kwa 1/500, ule wa 100 unapata f/16 kwa 1/125. Mawingu mepesi, f/11. Mawingu mazito, f/8. Chini ya mwembe au kwenye baraza, f/5.6, na ukiwa na shaka f/4. Kwa mikanda ya negativu shaka iegemee upande wa mwanga mwingi siku zote. Mikanda kama HP5 Plus (mweusi na mweupe) au Portra 400 (wa rangi) iliyopata mwanga wa ziada mara mbili inatoa picha nzuri tu, ila iliyonyimwa mara mbili ina vivuli visivyo na kitu ndani yake, na hakuna dawa ya kurudisha kisichoandikwa.

Mita ya kamera hii inasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu na kudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe wa chokaa Mji Mkongwe, saa tano asubuhi, ataipotosha vibaya: mita itausoma ukuta, itafunga mwanga, na uso utabaki kivuli. Sogea karibu, soma mwanga ulioangukia usoni au kwenye kiganja chako mahali palepale alipo, rudi ulipokuwa, tumia hesabu hiyo. Kiganja ni cheupe kuliko uso, hivyo ukisoma kiganja ongeza nafasi moja ya mwanga, yaani mwanga mara mbili. Na jua likiwa utosini macho yanaingia gizani hata mita iseme kweli, kwa hiyo mwombe mtu asogee kivulini, au subiri alasiri.

Mkanda wa kwanza uwe mweusi na mweupe, ASA 400. Nina sababu mbili: unasamehe makosa ya mwanga, na unaweza kuusafisha mwenyewe kwa dawa tatu na tangi moja. Mkanda wa 120 haumo ndani ya kopo kama wa 35. Umezungushwa kwenye spuli pamoja na karatasi nyeusi ya mgongo, na kinachouzuia mwanga ni karatasi hiyo pekee. Kodak waliutoa mwaka 1901 kwa ajili ya kamera ya Brownie, na hadi leo umbo lake ni lilelile. Ule wa 220, wenye picha 24 na usio na karatasi katikati, umeshatoweka madukani, kwa hiyo hakikisha bamba la kubania lililo mgongoni limewekwa kwenye 12. Bamba lina mpangilio wa 12 na wa 24; likikaa kwenye 24 mkanda wa 120 unabanwa kupita kiasi.

Weka mkanda kivulini, kamwe si juani. Ukiwa umetoka kwenye friji, uache ndani ya pakiti yake ya foili saa moja au zaidi, la sivyo unyevu wa hewa yetu utatona juu yake. Spuli tupu inakaa juu, mkanda mpya chini. Vuta vitasa vya pembeni, tia spuli, viachie, uzungushe kidogo mpaka visikike vimeshika. Kata kile kibandiko cha karatasi, vuta ncha juu, weusi ukitazama lenzi, na uichomeke kwenye ufa mpana wa spuli ya juu. Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Weka kidole gumba cha kushoto juu ya mkanda wa chini kuubana, huku mkono wa kulia ukizungusha mpini polepole, uhakikishe karatasi inapanda katikati ya spuli bila kugusa ukingo wowote. Endelea mpaka mshale mkubwa uliochapwa kwenye karatasi ufike usawa wa alama za kuanzia zilizo kando ya reli. Simama hapo hapo. Ukiupita mshale, picha ya 12 inaweza kukosa nafasi. Ukisimama kabla, picha ya kwanza inaangukia kwenye karatasi au kwenye gundi. Funga mgongo, zungusha mpaka mpini ukome wenyewe, na kihesabio kionyeshe 1.

Kidole gumba kile si urembo. Karatasi ikizungushwa ikiwa legevu, mkanda uliomalizika unatoka mnene kuliko spuli, mwanga unaingia pembeni, na kingo za picha zako zinapata mawimbi meusi kwenye negativu. Ni kasoro ya kawaida kabisa kwa mikanda ya mwanzo.

Unapotazama kwenye kioo cha juu mara ya kwanza utachelewa kubofya, na uchelewe tu. Picha inaelea mbele yako ikiwa na rangi na mwendo wake, mraba mzima. Lakini kulia ni kushoto: mtu anayetembea kuelekea kulia, kwenye kioo anakwenda kushoto, na ukimfuata kwa hisia zako za kawaida unampoteza. Mazoezi yake ni rahisi na hayali mkanda. Simama dirishani na kamera tupu, fuata bodaboda zinazopita, mpaka mikono izoee yenyewe. Kioo kidogo cha kukuzia kinachochomoza ndani ya kifuniko kitumie kila unapolenga, kwa sababu kina cha ukali ni kifupi mno: kwenye f/3.5 na umbali wa mita 1 ni kama sentimita 5 tu, yaani macho yakiwa makali masikio yamelegea. Kwa mita 2 na f/8 unapata kama nusu mita, na hapo ndipo pa kuanzia picha za watu. Ukikaribia mita 1 kumbuka pia kwamba lenzi ya juu inaona juu kidogo kuliko ya chini. Mistari myekundu juu ya kioo inakuonyesha mpaka wa kweli. Kichwa kikae chini yake.

Shata ya ndani ya lenzi haina kishindo, hivyo 1/60 mkononi inawezekana ukiubana mkanda wa shingoni uwe umekaza na kamera imeegemea tumboni. Lakini tumboni kuna gharama: mtu mzima aliyesimama anaonekana kutokea chini, kidevu mbele. Inua kamera hadi kifuani, au piga watoto na waliokaa. Kwa kila picha andika daftarini namba, tundu, kasi na mwanga ulivyokuwa. Bila hayo, negativu zitakuonyesha kosa lakini hazitakufundisha limetoka wapi.

Baada ya 12, zungusha mpini mpaka uhisi umekuwa mwepesi, ongeza mizunguko kadhaa, fungua kivulini, ukiwa umeushika mkanda usifumuke. Pinda ncha, lamba gundi, funga kwa kukaza bila kuuvuta ukasugua karatasi. Uingize kwenye foili yake. Spuli tupu iliyobaki chini ihamishie juu sasa hivi, usije ukaitupa, kwa kuwa bila hiyo mkanda unaofuata hauna pa kwenda. Ukisafiri kwa ndege, mikanda iwe kwenye mfuko wa mkononi, na uombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za skani za CT zinaunguza mikanda isiyosafishwa.

Kusafisha nyumbani kwetu kuna adui anayejulikana, nalo ni joto. Mfuko mweusi wa kubadilishia mkanda unafaa nchi za baridi. Dar es Salaam au Mombasa mikono inatoa jasho ndani yake, unyevu unapanda, na mkanda unanata kwenye rili ya plastiki katikati ya kazi. Afadhali bafu usiku, taa zote zimezimwa, taulo chini ya mlango, ukae dakika 5 gizani uone kama kuna mwanga unaovuja. Rili iwe kavu kabisa na imepanuliwa kwa upana wa 120. Toa mkanda mmoja sadaka, hata uliopita muda wake, ujifunze kuupandisha kwenye rili mwangani, kisha ukiwa umefumba macho. Gizani unafunua karatasi mpaka unahisi mkanda wenyewe, unaingiza ncha kwenye rili na kuzungusha pande mbili kwa zamu. Mwisho wake umebandikwa kwa gundi kwenye karatasi. Ubandue polepole sana, kwa sababu ukiuchana kwa haraka gundi inatoa cheche za mwanga. Usiukunje kwa vidole, mikunjo inaacha alama za mwezi mwandamo. Na kabla ya kufunga tangi hakikisha lile bomba la katikati limo: bila bomba, tangi linaingiza mwanga hata likiwa limefungwa.

Kwa HP5 Plus na devalopa (dawa ya kutokeza picha) ya ID-11, changanya mililita 250 za dawa iliyokwisha kuyeyushwa na 250 za maji, upate 500, kiasi ambacho tangi la Paterson linahitaji kwa mkanda mmoja wa 120. Muda ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba kwetu yanafika nyuzi 27 au zaidi, na hapo muda unafupika mpaka kusafisha hakuwi sawasawa. Weka chupa zote, devalopa, fiksa (dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) na maji ya kusuuza, ndani ya beseni lenye maji na barafu. Barafu ibaki nje ya chupa, usiitie ndani ya dawa. Ukishindwa kushuka hadi 20, fanya kazi kwa 24 na upunguze muda uwe dakika 9 hivi, mradi chupa zote ziwe na joto moja. Mimina, pindua tangi mara 4 katika sekunde 10 za kwanza, gonga chini mara moja kuondoa mapovu, kisha pindua mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Usitikise kama juisi. Mwaga, suuza kwa maji, kisha fiksa ya haraka, sehemu 1 kwa maji 4, kwa dakika 5. Baada ya hapo mwanga hauna madhara.

Kuosha hakuhitaji bomba lifunguliwe nusu saa. Jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga. Maji ya mwisho yawe ya kunywa, yaliyochujwa, na matone machache ya dawa ya kuteleza maji. Maji ya kisima cha Pwani yana chumvi na yanaacha madoa meupe ambayo hayafutiki bila kukwaruza. Tundika bafuni, kibanio cha nguo juu na kingine chini cha kuvuta, feni imezimwa kwa ajili ya vumbi, usiguse mpaka ukauke.

Sasa soma negativu kabla hujasoma picha. Mkanda mtupu wenye maandishi ya kiwandani ukingoni maana yake dawa ilifanya kazi lakini mwanga haukufika: shata haikufunguka, au mkanda haukusogea. Mtupu bila hata maandishi, devalopa imekufa au umeanza na fiksa. Mweusi wote, umeona mwanga, na kama weusi uko upande mmoja tu kwa kila picha, rudi kwenye sponji. Ukiwa na utando wa maziwa haukufiksiwa vya kutosha. Urudishe kwenye fiksa mpya hata leo, bado unaokoka. Picha zilizopandana zinatokana na gia za kusogeza mkanda zilizochoka, hiyo ni kazi ya fundi. Na kama picha za 1/30 na za kasi za polepole zaidi ni nzito kuliko nyingine, daftari lako na kile kikaratasi cha chini ya kamera vitakubaliana.

Gharama ihesabiwe hivi: bei ya mkanda, jumlisha dawa na skani, gawa kwa 12. Namba hiyo inauma, na inabadilisha namna unavyobofya. Ukitaka rangi, uliza kwanza duka linalosafisha C-41, yaani mikanda ya negativu ya rangi, lipo karibu kiasi gani na linapokea 120 au 35 peke yake. Dawa ya rangi inafanya kazi kwa nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15, na joto letu linasaidia kufika huko, ila nusu nyuzi ikipotea rangi zinahama. Mikanda ya kwanza mitano iwe myeusi na myeupe. Kata negativu vipande vya picha tatu tatu, vitie kwenye mifuko yake, andika tarehe na namba ya ukurasa wa daftari, na kamera irudi kwenye boksi la plastiki lenye vifuko vya silika, mbali na ule mkoba wa ngozi iliyokuja nao.